Eko Haitoki: Matatizo Yanayowarudia Wanafunzi Wakiwa Fildi, na Pa Kuanzia

Kila kundi jipya la wanafunzi wa eko (altrasaundi ya moyo) likiingia fildi (mafunzo ya vitendo hospitalini), malalamiko ni yale yale. Mashine ni mbovu. Mgonjwa mnene. Mwalimu hanipi probu, kile kifaa cha kupitisha kifuani. Mengine ni ya kweli, lakini mara nyingi tatizo liko kwenye namna mgonjwa alivyolazwa na namna probu ilivyoshikwa. Kwa hiyo utatuzi wote hapa unakwenda kwa mpangilio mmoja: anza na mgonjwa, fuata mkono wako, njoo kwenye vitufe, na ugonjwa uwe wa mwisho kusingiziwa. Ukiupindua mpangilio huo, utaandika kwenye ripoti ugonjwa ambao mgonjwa hana, au utauacha alio nao.

Mifano ni ya hospitali zetu za Afrika Mashariki. Huku mgonjwa wa valvu (milango ya moyo) anaweza kuwa binti wa sekondari aliyeharibiwa moyo na homa ya rumatiki. Mama aliyejifungua karibuni huja akihema kwa sababu moyo umetanuka, na maji yanayozunguka moyo mara nyingi yanatokana na kifua kikuu. Hali za kusimamisha kipimo na kuita mtu ziko mwishoni. Zisome kabla ya siku yako ya kwanza chumbani.

Skrini nzima kijivu, sioni moyo

Sababu inayoongoza ni mlalo. Mtu akilala chali, pafu linaufunika moyo, na mawimbi ya sauti hayapenyi hewa. Mlaze ubavu wa kushoto hasa, si nusunusu. Mkono wa kushoto uende chini ya kichwa ili mbavu zifunguke. "Shikamoo bibi. Naomba ulalie ubavu wa kushoto, mkono huu uweke chini ya kichwa." Kisha mwekee mto mgongoni. Bila mto mgonjwa hurudi chali taratibu, wewe umekodolea macho skrini, na picha iliyokuwa safi inafifia huku ukihangaika na vitufe. Ila anayehema usimlazimishe kulala. Inua kichwa cha kitanda, au mpige eko akiwa amekaa, na uandike kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Sababu ya pili ni jeli kidogo. Ongeza kabla hujaminya. Kuminya kwa nguvu juu ya jeli iliyokauka kunamuumiza mgonjwa na hakuleti picha.

Ya tatu ni nafasi ya mbavu. Kwa mhimili mrefu (picha ya moyo kwa urefu wake) anzia nafasi ya tatu au ya nne, upande wa kushoto, karibu kabisa na mfupa wa kidari, alama ya probu ikielekea bega la kulia. Ukiona ventrikali ya kushoto (chumba cha chini kinachosukuma damu mwilini) imesimama wima badala ya kulala, uko chini mno, kwa hiyo panda nafasi moja. Mtu mrefu mwembamba mara nyingi moyo wake uko chini kuliko unavyotarajia. Mjamzito au mwenye maji tumboni moyo umesukumwa juu. Telezesha probu nafasi kwa nafasi na uangalie zote kabla hujachagua. Wanafunzi wengi hukwama kwenye nafasi ya kwanza iliyoonyesha chochote.

Pumzi inafuata. Mwambie atoe pumzi taratibu, na picha ikijitokeza mwambie, "Ishikilie hapo hapo." Hifadhi picha upesi, kisha mwambie apumue. Kuna wanaosahau hilo la mwisho, na mgonjwa mtiifu anabaki anabana pumzi huku jasho likimtoka.

Ndipo uje kwenye mashine. Hakikisha probu ni ya moyo na programu ni ya moyo wa mtu mzima. Chumba kinachotumiwa pia kwa altrasaundi ya tumbo, mashine huachwa kwenye programu ya tumbo, na moyo utauona ukitembea kivivu. Tazama vitelezi vya pembeni vinavyoongeza mwangaza kwa kina. Mkono wa koti huvisogeza bila mtu kujua, na matokeo yake ni mstari mweusi uliolala katikati ya picha. Kina kianzie sentimita 16 hivi, ila picha ya kwanza kabisa ichukuliwe kwa kina kirefu zaidi ili uone kama kuna maji nyuma ya moyo. Na funga pazia. Mwanga wa dirishani ukipiga skrini, utapandisha geini (nguvu ya kukuza mwangwi) mpaka damu ionekane kama nyama.

Kuna dalili moja ambayo si kosa lako: mchirizi mweusi unaoshuka toka juu mpaka chini ya picha na haubadiliki hata umhamishie mgonjwa mwingine. Futa jeli, shika probu hewani, pitisha kibanio cha karatasi taratibu usoni mwake. Mwangwi wake ukipotea sehemu ile ile kila unapopita, vipande vya ndani vya probu vimekufa. Mwite fundi wa vifaa tiba. Uso wa probu ukiwa na ufa, au waya umechubuka, usiiweke kwenye mwili wa mtu tena hata kama picha inatoka vizuri: kuna hatari ya umeme na ya kupitisha maambukizi. Usiisafishe kwa spiriti mpaka uhakikishe mtengenezaji anaruhusu, maana probu nyingi ngozi ya usoni huharibika hivyo.

Umefanya yote na bado kijivu? Basi kifua chenyewe ni kigumu, mathalani mwenye mapafu yaliyotanuka. Nenda chini ya mbavu, kwenye chembe cha moyo. Hapo sheria zinageuka: alale chali, akunje magoti tumbo lilegee, na avute pumzi ndani badala ya kuitoa. Kwa wagonjwa hawa dirisha hilo (mahali pa kuweka probu) linaweza kukupa robo tatu ya ripoti. Usiliache liwe la mwisho unapokuwa umechoka.

Ncha ya moyo imekuwa ya mviringo

Hili ndilo kosa linalopita bila kuonekana, kwa sababu picha huwa nzuri. Vyumba vinne vyote vipo, kuta zinasukuma, kila mtu ameridhika. Kumbe umeukata moyo kimshazari, mfano wa mtu anayekata papai upande badala ya kulipasua kwa urefu, na umepata ventrikali fupi nene.

Jikague hivi. Ncha ya kweli ni nyembamba na karibu haitembei. Msingi wa moyo ndio unaoshuka kuifuata. Ukiona ncha nene, ya duara, inayorukia ndani kila pigo, hiyo si ncha. Kipimo cha pili ni cha namba: urefu wa ventrikali kwenye picha ya vyumba vinne na ya vyumba viwili usipishane zaidi ya asilimia 10. Ukipishana zaidi, rudia. Usipige hesabu ya nguvu ya moyo kwa picha hizo, kwa sababu mara nyingi itatoka kubwa kuliko ilivyo, na mama mwenye moyo uliotanuka ataambiwa ana nafuu.

Sababu kubwa ni probu kuwa juu mno na karibu mno na kidari. Shuka nafasi moja ya mbavu, sogea kuelekea kwapani, elekeza probu kwenye bega la kulia. Kwa akina mama, titi linainuliwa; mwombe mwenyewe alishike au atumie kanga. Kuweka probu juu ya titi kwa kuona haya ndiko kunakozaa ncha nyingi za duara. Sababu ya pili ni godoro: kitanda kisicho na sehemu iliyokatwa kinauzuia mkono kushuka. Msogeze mgonjwa mpaka ukingoni, au umkunjie shuka chini ya kifua.

Sasa hapa ukanda wetu una mtego wake. Kuna ugonjwa (endomyocardial fibrosis) unaoijaza ncha ya ventrikali kwa makovu na mabonge ya damu, ukaiacha ventrikali ndogo na atria (vyumba vya juu) kubwa ajabu. Mtaalamu wa patholojia J.N.P. Davies aliueleza akiwa Uganda mwaka 1948, na mpaka leo hospitali za ukanda huu wagonjwa hawa wanaonekana. Mwanafunzi akikata moyo kimshazari anaweza kudhani ameuona. Mwingine anauona kweli, anadhani amekosea mkono. Tofauti ni hii: kosa la mkono huondoka unapobadilisha dirisha. Ncha iliyojaa itabaki imejaa kwenye vyumba vinne, vyumba viwili, na chini ya mbavu, na atria hazitapungua ukubwa kwa sababu umeteleza sentimita mbili.

Bonge la damu kwenye ncha linaleta utata kama huo. Punguza kina, pandisha frikwensi, tafuta picha mbili tofauti. Bonge hutembea pamoja na ukuta lililoshikamana nao. Mwangwi wa uongo hukaa pale pale na hupita juu ya ukuta bila kujali. Ukibaki na shaka, mwite msimamizi wakati mgonjwa bado yuko kitandani. Kumrudisha mtu aliyekwisha panda basi la Kibaigwa si jambo dogo.

Namba za Dopla hazilingani na picha

Valvu ya aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) imekakamaa, haifunguki, na kasi uliyopima inasema tatizo ni la wastani. Amini macho yako kwanza, ulaumu pembe. Dopla, kipimo cha kasi ya damu, hupima sawasawa pale tu mshale wako unapofuata mkondo wa damu. Hesabu ni ya kutisha kidogo: kasi ya kweli ikiwa mita 4 kwa sekunde, ukiikosa kwa nyuzi 30 utasoma karibu mita 3.5. Na kwa kuwa msukumo (tofauti ya presha kati ya pande mbili za valvu) unapatikana kwa kuzidisha mraba wa kasi mara 4, milimita 64 za zebaki zinageuka 48. Mita 4 ndiyo mpaka wa ugonjwa mkali. Kwa hiyo pembe peke yake imemwondoa mgonjwa kwenye foleni ya upasuaji.

Dawa yake ni kutafuta mkondo ule ule kwa madirisha zaidi ya moja: nchani, kwenye kishimo cha koo, chini ya mbavu, na upande wa kulia wa kidari mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kulia. Hilo la kulia hutaka kile kiprobu kidogo kisichotoa picha, ambacho vyumba vingi kinalala kwenye droo. Kiombe. Usikilize kwa sikio: mkondo uliopatikana vizuri hulia mluzi mkali mwembamba. Ukisikia mkwaruzo, hujafika.

Halafu hakikisha mkondo wenyewe ni wa valvu ya aota. Damu inayovuja kwenye valvu ya mitrali (kati ya atria na ventrikali ya kushoto) huelekea upande ule ule na huwa na kasi kubwa. Itambue kwa muda wake, kwani huanza mapema mara tu baada ya QRS (mawimbi ya pigo kwenye ECG, mstari wa umeme wa moyo) na hudumu zaidi.

Eneo la valvu likitoka dogo kupita kiasi, rudi kwenye kipenyo cha njia ya kutokea damu, chini kidogo ya valvu ya aota, kwa maana hesabu inakitegemea. Kikuze kwenye skrini, pima katikati ya pigo moyo ukiwa unasukuma damu, toka ukingo wa ndani hadi wa ndani. Sentimita 2.0 ukiisoma 1.8, eneo la njia hiyo linashuka kutoka 3.14 hadi 2.54, yaani karibu moja ya tano imepotea.

Kwa valvu ya mitrali iliyobana, kosa linalojirudia ni kuchora tundu kabla ya kufika kwenye ncha za vijani (ngozi nyembamba zinazofungua na kufunga valvu), kule ambako bado ni pana. Fagia taratibu mpaka upate tundu dogo kabisa, punguza geini, ndipo uchore. Andika na mapigo ya moyo pembeni ya wastani wa msukumo, kwa sababu msukumo wa milimita 12 kwenye mapigo 130 hausemi sawa na ule wa mapigo 70. Mapigo yakiwa ovyoovyo, jambo la kawaida kwa wagonjwa hawa, chukua wastani wa mapigo 5 au zaidi.

Wimbi lililokatika juu na kutokea chini ni jambo jepesi: shusha mstari wa sifuri, panua skeli, na ikishindikana hamia kwenye Dopla endelevu (ile inayopima kasi kubwa).

Rangi imemwagika kila mahali, au haipo kabisa

Tazama skeli ya rangi (rangi za Dopla zinazoonyesha mkondo wa damu) kabla ya kitu kingine. Kwa moyo wa mtu mzima iwe kati ya sentimita 50 na 70 kwa sekunde. Ikiachwa chini, mvujo mdogo unakuwa moto wa nyika. Kisha geini ya rangi: pandisha mpaka chembe zianze kuruka nje ya moyo, halafu shusha mpaka zipotee. Kisanduku cha rangi kiwe chembamba, maana kikubwa kinapunguza idadi ya picha kwa sekunde na mvujo mfupi unaweza kuruka bila kuonekana. Andika presha ya mgonjwa. Mvujo wa mitrali kwa mtu mwenye presha 190 si ule utakaouona ikishuka.

Ukipelekwa kwenye uchunguzi wa rumatiki mashuleni, mambo haya yanakuwa makubwa zaidi. Vigezo vya Shirikisho la Moyo la Dunia vya mwaka 2023 vinataka mvujo wa mitrali ufike sentimita 1.5 kwa mtoto wa chini ya kilo 30, na sentimita 2 kwa mwenye kilo 30 au zaidi. Skeli mbaya inamgeuza mtoto mzima kuwa mgonjwa wa sindano za kila mwezi.

Mstari wa ECG unaruka, picha zinakatika katikati

Losheni na jasho. Futa ngozi kwa shashi kavu, bandika upya, usibandike juu ya mfupa. Chomoa chaja ya simu iliyo kwenye soketi ya kitandani. Mashine ikichukua wimbi la T ikidhani ni R la pigo, badilisha lidi (mwelekeo wa kusoma ECG). Ikigoma, iamuru ihifadhi picha kwa sekunde badala ya kwa pigo.

Eko moja inanimalizia asubuhi

Wanaochelewa wengi hawana mpangilio. Wanarukia nchani, wanarudi kidarini, wanakumbuka mshipa mkubwa wa tumboni (ule unaorudisha damu moyoni), wanarudi tena. Fuata njia moja kila siku: mhimili mrefu, mhimili mfupi, nchani, chini ya mbavu, kishimo cha koo. Wapo pia wanaofukuza picha moja kamilifu. Jipe muda mfupi kwa kila dirisha, na picha ikigoma andika "dirisha duni" usonge mbele. Vipimo vinavyoweza kuchorwa kwenye picha zilizohifadhiwa vifanye mgonjwa akivaa.

Sipewi probu

Kliniki ina foleni, msimamizi anataka kumaliza, wewe umesimama ukutani. Usiombe "kujifunza", omba kitu kimoja kinachoeleweka: "Mwalimu, leo naomba nichukue mhimili mrefu kwa kila mgonjwa, ukinipa dakika tatu." Hilo ni gumu kulikataa. Fika kabla ya foleni, washa mashine, ingiza majina. Msimamizi humpa probu anayejua kuifuta na kuirudisha mahali pake. Pigeni eko ninyi kwa ninyi jioni kwa ridhaa, na mkubaliane mapema kwamba kikionekana kisicho cha kawaida kinapelekwa kwa msimamizi, hakijadiliwi kwenye grupu la WhatsApp.

Wiki zikipita bila kushika probu, mwandikie mratibu wa fildi chuoni. Na mtu akikwambia akusainie eko ambazo hukuzipiga ili kitabu kijae, simama hapo. Saini hiyo itakufuata siku ukiwa peke yako hospitali ya wilaya usiku.

Mgonjwa naye anaweza kukataa mwanafunzi, na ni haki yake. Mara nyingi tatizo ni kuona haya: mwanafunzi wa kiume, mlango unaofunguliwa kila dakika. Funga mlango, mfunike kanga, mweleze mapema kwamba kifaa kitapita chini ya titi, awepo mwanamke mwingine chumbani. Halafu chunga uso wako. Mgonjwa haelewi skrini, anakusoma wewe, na ukikunja ndita ukiitafuta valvu tu, yeye tayari anahesabu watoto atakaowaacha. Akiuliza, "Mwanangu, umeona nini?" jibu ni, "Mama, picha ataziangalia daktari pamoja na vipimo vyako vingine, ndiye atakayekueleza."

Bega na kiganja vinauma

Unaminya mno, au kitanda kiko juu mno. Shusha kitanda, leta mgonjwa karibu, kiwiko kikae karibu na mwili, waya uuegemeze mahali usiuvute. Ganzi ya vidole au kushindwa kushika kikombe si uchovu wa kawaida. Acha kupiga, toa taarifa, umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Simamisha kipimo, ita mtu sasa

Maumivu ya kifua, midomo ya buluu, kuzimia, mapigo yanayokimbia: hapo eko imekwisha hata kama huna picha hata moja.

Kwenye skrini, usisubiri kumaliza ukiona maji mengi kuzunguka moyo huku atria ya kulia au ukuta wa ventrikali ya kulia ukibonyea ndani, na mshipa mkubwa wa tumboni ukizidi sentimita 2.1 bila kusinyaa kwa nusu akivuta pumzi. Kabla ya kupiga simu itafute aota inayoshuka kwenye mhimili mrefu. Maji ya moyo hupita mbele yake, ya pafu hubaki nyuma yake. Ita vilevile ukiona utando unaopepea ndani ya aota, kitu kinachoning'inia kwenye valvu ya mtu mwenye homa, bonge la damu linalocheza, valvu bandia inayoyumba, au ventrikali ya kulia iliyovimba ghafla ikiisukuma ya kushoto. Hospitali isiyo na daktari wa moyo ina daktari wa zamu. Mpigie huyo, na usimwache mgonjwa peke yake.

Simu iwe fupi: "Dokta, mimi ni mwanafunzi wa eko, nipo chumba cha eko. Nina mama wa miaka 34, anahema, presha 85 kwa 60, mapigo 128. Maji ni mengi kuzunguka moyo na upande wa kulia unabonyea. Naomba uje sasa." Ukikata simu, mwinue mgonjwa akae, hifadhi picha ulizonazo, na andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea.